Wasiliana na Mtengenezaji Wako

Kampuni ilipoamua kugawa bure toleo jipya la mfumo wake wa kompyuta, ilifanya kama wafanyavyo matajiri wote wanapogawa cha bure: ilipiga tarumbeta, kisha ikaweka bawabu mlangoni. Tangazo lilimfikia Mchapaji asubuhi ya Jumanne, akiwa katikati ya ripoti ya mapafu ya mtu asiyemjua, likaziba kioo kizima. "Hongera! Kompyuta yako huenda ikastahili kupata toleo jipya bila malipo." Mchapaji alilisoma mara mbili. Hongera ilikuwa ya uhakika. Kustahili ndiko kulikokuwa na "huenda".

Siku nyingine angelifunga akaendelea na mapafu yake. Kazi yake ilikuwa kuvaa spika za masikioni katika chumba cha nyuma cha nyumba yao, kuwasikiliza madaktari wa hospitali kubwa wakisoma picha za eksirei kwa sauti za watu wenye usingizi, na kuyageuza manung'uniko yao kuwa ripoti zinazosomeka. Aliifanya vizuri kiasi kwamba jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekwisha kusahaulika; hata mama yake mzazi alimwita Mchapaji. Lakini wiki hiyo hospitali ilikuwa imemwandikia kwamba kuanzia tarehe mosi kompyuta yoyote yenye toleo la zamani haitaingia kwenye mafaili ya wagonjwa, na kwamba ukaguzi utafungwa saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho ya mwezi. Zilibaki siku tisa. Mshahara huo ndio ulioishika nyumba, umeme na chuo cha binti yao wa pekee, na hapakuwa na mwingine nyuma yake. Basi Mchapaji akabonyeza palipoandikwa "Angalia kama unastahili".

Kiduara kilizunguka kioo, kikazunguka tena, kikakaa kimya kama hakimu anayetafuta miwani. Kisha jibu likaja: "Kompyuta hii haistahili. Tafadhali wasiliana na mtengenezaji wako."

Mtengenezaji alikuwa sebuleni, mguu mmoja juu ya kochi, anakata kucha.

Watu wote walimwita Fundi, na mkewe naye akafuata mkumbo. Kwa miaka ishirini na miwili alitengeneza redio na televisheni katika karakana iliyokuwa na foleni mpaka barabarani. Kisha vitu vikaanza kuja vimefungwa kwa gundi badala ya skrubu, watu wakazoea kutupa, na karakana ikageuka duka la makava ya simu. Fundi alirudi nyumbani na kisanduku cha bisibisi na tabia mpya ya kusoma magazeti ya juzi. Alikaa hivyo miezi minane. Mkewe alipopata kazi ya hospitali na kuambiwa aje na kompyuta yake mwenyewe, Fundi aliweka gazeti chini akasema ya dukani haingii nyumba hii. Kasha alilikata kutoka kwenye droo ya kabati la mafaili, likabaki na mpini wake. Bodi na prosesa alinunua vipya, kwa kuuliza maswali mengi kuliko mtu anayeposa. Feni alizikalisha juu ya vipande vya kandambili zisipige kelele. Leseni ya mfumo alisisitiza inunuliwe kihalali, kwa jina la mkewe, maana kwake fundi anayeiba programu alikuwa sawa na mshonaji anayeiba vitambaa vya wateja.

Kazi ilipokwisha, Fundi alifanya jambo dogo la majivuno. Ndani ya mipangilio ya kompyuta kuna ukurasa ambapo viwanda huandika jina lao, ukurasa ambao mtu wa kawaida haufungui maisha yake yote. Fundi aliujua, akaandika: Fundi na Wanawe, Viwanda. Tawi Kuu. Hao wanawe walikuwa binti mmoja, anayesomea uuguzi, ambaye hajawahi kushika bisibisi. Tawi dogo halikuwepo. Mchapaji alicheka mpaka akakaa chini, halafu akambusu mumewe kwenye upara, kwa sababu hakuwa amemwona akisimama wima namna ile tangu karakana ifungwe. Miaka sita ikapita na kompyuta ile haikuugua hata mafua.

Sasa Mchapaji alisimama mlangoni akamtazama mtengenezaji na kucha zake.

"Fundi, nimeambiwa niwasiliane na wewe."

"Na nani?"

"Na Kampuni."

Fundi alishusha mguu. Mkewe aliona wazi kwamba mzee wa watu amefurahi.

Mchapaji alipiga simu ya huduma kwa wateja. Kwanza alisikiliza muziki, kisha akaambiwa na mashine kwamba simu yake ni muhimu sana, kisha muziki tena, mpaka akaanza kuuchukia umuhimu wake. Hatimaye akapokelewa na kijana wa kike mwenye sauti ya asali.

"Kompyuta yako ni ya kampuni gani, mama?"

"Si ya kampuni. Ameiunda mume wangu."

"Sawa. Ila hapa kwangu inasoma Fundi na Wanawe, Viwanda. Tawi Kuu."

"Ndiye huyo huyo mume wangu."

"Kumbe unafahamiana na mtu wa ndani ya kiwanda."

"Tunalala kitanda kimoja."

"Hiyo ni nzuri sana, mama, itarahisisha. Basi mwombe akuunganishe na kitengo chao cha huduma kwa wateja."

Mchapaji aliangalia sebuleni. Kitengo cha huduma kwa wateja kilikuwa kinatafuta kucha moja iliyorukia chini ya kochi.

Ilimchukua nusu saa kumtoa yule binti wa simu kwenye maandishi aliyokuwa akiyasoma. Mwisho akaeleweshwa. Kompyuta zote za kuundwa nyumbani, mradi leseni zake ni halali, zilikuwa zinapata toleo jipya bure, bila maneno. Kompyuta za viwandani zilikuwa zinapata bure pia, mradi kiwanda kimesajiliwa na Kampuni. Ya Mchapaji ilikuwa imekwama katikati, kama popo kwenye mkutano wa ndege na wanyama: imeundwa nyumbani, lakini inajiita ya kiwanda, na kiwanda chenyewe hakitambuliki. Njia zilikuwa mbili. Kiwanda kijisajili, kipewe namba. Au mmiliki wa leseni aweke alama kwenye tamko fupi, na mambo yaishe papo hapo.

"Hilo tamko linasemaje?" aliuliza Mchapaji.

Binti akasoma kwa ile sauti ya asali: "Nathibitisha kwamba kompyuta hii haina mtengenezaji, na kwamba hakuna mtu wala taasisi iliyoitengeneza."

Mchapaji alishukuru, akakata simu, akaenda kumweleza mumewe. Alidhani yamekwisha. Kwake lilikuwa jambo la kubonyeza mara moja, kama kukubali yale masharti marefu ambayo hakuna binadamu ayasomaye.

"Hakuna mtu aliyeitengeneza," Fundi alirudia polepole.

"Ni maneno tu."

"Sasa ilitokea wapi? Iliota? Iliota pale mezani kama uyoga, na kebo zake?"

"Fundi, ni kisanduku kidogo. Unaweka alama, basi."

"Mke wangu, kila kitu nyumba hii kina aliyekitengeneza. Sufuria ile ina jina la mtu chini. Choo kina jina la mtu. Mimi nikae mwezi mzima nakata bati, halafu uandike hakuna? Hapana. Kampuni inataka kiwanda, itapata kiwanda."

Hapo ndipo kiwanda kilipozaliwa rasmi, juu ya meza ya kulia chakula. Fomu ya Kampuni ilikuwa na kurasa kumi na nne, na Fundi aliijaza kwa kalamu ya wino baada ya kunyoa ndevu. Idadi ya wafanyakazi: mmoja. Milango ya dharura: mmoja, wa jikoni. Uzalishaji kwa mwaka: hapo alifikiri sana, maana katika miaka sita kiwanda kilikuwa kimetoa kompyuta moja tu, kisha akaandika, "Tunazingatia ubora kuliko wingi." Idadi ya malalamiko ya wateja kwa kipindi cha miaka mitano: moja, la mke, kuhusu mpini. Kulikuwa na swali la sera ya kiwanda kuhusu likizo ya uzazi, nalo alilijibu kwa uzito wote, kwamba mfanyakazi akijifungua atapewa miezi mitatu.

Mchapaji alipita nyuma ya kiti akasoma, akakimbilia jikoni kucheka. Siku ya kwanza alicheka. Siku ya tatu alitabasamu. Siku ya tano aliihesabu kalenda.

Maana fomu peke yake haikutosha. Kampuni ilitaka cheti kutoka ofisi ya viwanda, na ofisi ya viwanda ilikuwa ofisi kwelikweli: ghorofa ya tatu, lifti mbovu, karani mmoja nyuma ya kioo chenye tundu la chini kiasi kwamba mwombaji lazima ainame. Fundi alikwenda kila asubuhi amevaa shati la kupigwa pasi, faili kwapani. Jumatano aliambiwa alete mchoro wa jengo. Alhamisi alipeleka mchoro wa sebule, akaambiwa hauna choo cha wafanyakazi. Ijumaa alipeleka wenye choo, akaambiwa karani ameenda msibani. Kila jioni alirudi na kusema kesho wanatoa, na kila jioni aliingia akiwa mrefu kidogo kuliko alivyotoka, jambo lililomtia mkewe uchungu, kwa sababu hakujua afanye nini na urefu ule.

Jumamosi akaja wifi yake, dada yake Fundi, mwanamke wa kujipulizia manukato hata akienda kununua chumvi. Alikuja na kompyuta yake ya mapajani, ya dukani, yenye vibandiko vya maua, ambayo kazi yake maishani ilikuwa kutazama harusi za watu. Ilikuwa nzito ya akili kiasi kwamba ukiandika neno leo unalisoma kesho.

"Yangu imestahili," wifi alitangaza kabla ya kukaa. "Sikufanya chochote. Imejisema yenyewe."

"Hongera, wifi."

"Kaka, nilikwambia zamani. Nunua dukani kama watu. Haya mambo ya kujiundia ni kama kujing'oa jino."

Fundi aliigeuza ile ya maua, akaangalia tumbo lake lisilo na skrubu hata moja, akairudisha kwa adabu kama mtu anayerudisha mtoto mbaya kwa mama yake. Wifi akaanza kuweka toleo jipya palepale, mbele yao, ili waone. Ilifika asilimia thelathini na mbili, ikasimama. Akaibeba vivyo hivyo ikiwa wazi, kama sinia, akaondoka nayo. Jumatano alipiga simu kusema iko palepale, ila bado inastahili.

Siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi Mchapaji alishindwa kuvumilia. Fundi alikuwa mezani, anachora nembo ya kiwanda kwa rula.

"Kesho kutwa saa kumi na moja nafungiwa," alisema. "Unanielewa? Nafungiwa nje. Watampa mtu mwingine nafasi yangu."

"Karani ameniambia Alhamisi."

"Karani amekwambia kila siku. Acha niweke ile alama."

"Unaweza kuiweka. Leseni ni ya jina lako. Hunihitaji mimi." Hakuinua macho. "Ila nakuomba usiiweke."

"Nembo! Mwanao anangoja karo, wewe unachora nembo! Kiwanda gani? Kiwanda kiko wapi hapa? Hiyo kazi unayoichezea ndiyo inayokulisha."

Neno lilitoka likakaa mezani kati yao. Katika miaka sita hakuwa amelisema, na alikuwa ameshikilia sana asiliseme. Alikuwa akiacha fedha ya sokoni ndani ya kikombe cha kabatini ili mumewe asiipokee mkononi mwake. Fundi aliimalizia nembo. Mstari wa mwisho ulipinda kidogo. Akaufuta, akaurudia, akaitia nembo kwenye faili, akaenda kuoga. Mchapaji aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, na bado alijua hakusema uongo, nalo ndilo lililokuwa baya zaidi.

Alhamisi, siku ya mwisho, Fundi alitoka saa mbili asubuhi. "Leo wanatoa," alisema mlangoni. "Nisubiri." Alisema kwa upole, bila kinyongo, na mkewe akasema atasubiri. Alisema kwa moyo wote.

Saa sita alisubiri. Saa nane alisubiri, akiwa amechapa ripoti za asubuhi zote na za watu wengine. Saa tisa alimpigia simu, nayo ikalia kwenye meza ya kulia chakula, chini ya rula. Hospitali ilikuwa imetuma ukumbusho wa tatu, wenye maandishi mekundu na orodha ya waliokwisha kamilisha, na jina lake halikuwemo. Saa tisa na robo alifungua lile tamko. Alisoma maneno yote, kitu ambacho hakuwa amewahi kuyafanyia masharti ya kampuni yoyote. Hakuna mtu wala taasisi iliyoitengeneza. Chini ya mkono wake kulikuwa na mpini wa droo, umelainika kwa miaka ya kuushika akifikiri.

Akabonyeza.

Kampuni ilimshukuru. Ikasema inafurahi kuwa naye safarini. Kisha mfumo mpya ukaanza kuingia, na Mchapaji akakaa mikono mapajani akingoja ukwame, kwa sababu sehemu ya moyo wake ilitaka ukwame. Asilimia thelathini na mbili ilipita bila hata kusita. Feni hazikusikika. Baada ya dakika thelathini na tano kompyuta ilizima, ikawaka, ikamwamkia kwa rangi mpya, na alipoingia kwenye mafaili ya hospitali mlango ulifunguka mara moja. Jina lake likaingia kwenye orodha. Alishusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba siku tisa. Alifurahi, hakuna haja ya kumsingizia vingine. Alifurahi, akanywa maji gilasi mbili.

Saa kumi na moja kasorobo alisikia ufunguo. Fundi aliingia anahema, shati limelowa mgongoni, maana alikuwa ameshuka ngazi na kupanda kilima kwa miguu ili aiwahi saa. Mkononi alikuwa na karatasi moja ndani ya plastiki. Ilikuwa na muhuri wa bluu na namba ndefu, na juu yake, kwa herufi za serikali, Fundi na Wanawe, Viwanda.

"Wametoa," alisema. "Kampuni nimeipigia kwa simu ya palepale ofisini. Ukiiweka namba tu inakubali. Zimebaki dakika kumi na tano, inuka nikae."

Mchapaji aliinuka. Akampisha kiti. Fundi aliweka cheti juu ya meza, akakinyoosha kwa kiganja, akavaa miwani. Kisha akaona rangi. Alikaa akiitazama kidogo, halafu, kwa kuwa alijua pa kuangalia, akafungua ule ukurasa ambao mtu wa kawaida haufungui maisha yake yote. Mfumo mpya ulikuwa umekwisha kuujaza wenyewe. Mtengenezaji: Hakuna.

"Nilikusubiri mpaka saa tisa," Mchapaji alisema. "Simu umeiacha hapa. Fundi, niliogopa."

Alimwona akivua miwani na kuifuta kwa shati lililolowa, na kuivaa tena ikiwa chafu zaidi.

"Ilichukua muda gani kuingia?" aliuliza.

"Dakika thelathini na tano."

"Haikukwama?"

"Hata mara moja."

"Feni?"

"Sikuzisikia kabisa."

Uso wa Fundi ulianza kufunguka, ile furaha ya fundi ambayo haiombi ruhusa kwa mtu, na mkewe akapiga hatua mbele akitaka kumshika bega. Lakini Fundi alikuwa bado anatazama kioo, na furaha ile haikufika mbali.

"Basi aliyeiunda," alisema, akiinuka kumrudishia kiti, "alikuwa anaijua kazi yake."

Akachukua karatasi yake, akaenda kuvua viatu.